Ubongo wa Magazeti

Boaz hakuwa ameketi tangu kupambazuka. Alizunguka chumba chake katika mtaa wa Gatwekera akiugeuza ule ubongo wa magazeti, akiuweka, akiuinua tena. Asubuhi hiyo binti yake Nabwire alikuwa anafundisha somo la majaribio katika chuo kidogo cha wauguzi kule Kawangware. Likienda vizuri, anaandikwa kazi. Chuo hakikuwa na mfano wa ubongo, basi baba, fundi wa sanamu za karatasi, akajitolea kuutengeneza.

Mikunjo aliipata. Aliviringisha magazeti kama anayesokota chapati, akayabandika kwa uji wa unga, akaacha mfereji mrefu wa kutenga kushoto na kulia. Lakini picha ya ubongo aliyokuwa nayo kwenye simu ilionyesha juu tu. Nyuma je? Jana yake alikwenda kwa Wagaki, muuza supu ya vichwa vya mbuzi Kawangware, akaomba apasuliwe kimoja polepole. Wagaki akamcheka, akamuuliza amekuwa daktari tangu lini. Boaz alichungulia, akaridhika, akarudi mbio.

Nabwire alipokuja kuuchukua aliusifu. Kisha akagusa fundo la nyuma, sehemu iitwayo ubongo mdogo, lililotokeza kama kisogo cha pili.

"Baba, hii umeitoa wapi?"

"Kwa Wagaki."

"Ya mbuzi?"

"Si ubongo ni ubongo?"

Nabwire akamweleza kwamba kwa mbuzi huo ubongo mdogo unaonekana nyuma waziwazi. Kwa mtu, ule mkubwa umeufunika, nao mdogo uko chini, karibu na shingo.

"Nikisimama na hii pale, mzee wangu, watanicheka mpaka Krismasi."

Boaz alikuwa ameshachukua msumeno. Nabwire alisema amechelewa, lakini baba hakumsikia. Alikata fundo, akalipaka uji, akalibana chini ya mikunjo ya nyuma. Likaanza kuteleza.

"Shikilia hapa na kidole gumba. Usiachilie."

Wakatoka, Nabwire mbele na ubongo kifuani, Boaz nyuma ingawa hakuna aliyemwita. Kwenye kituo cha Olympic Boaz akauliza kama fundo limeshika. Bado. Mbele kidogo akauliza tena, mpaka Nabwire akaacha kujibu.

Langoni mwa chuo mlinzi akamzuia Boaz. Akawa anakwenda na kurudi nje ya ua, jicho kwenye dirisha la darasa. Akamwona Nabwire akiupindua ubongo juu chini, wanafunzi wakiinama kutazama, na mkaguzi wa somo naye akisogea. Nabwire akaondoa kidole gumba, taratibu.

Fundo halikuanguka.

Mlinzi akamsukumia Boaz kiti, akamwambia apumzike sasa. Boaz akashukuru, akashika mgongo wa kiti, akaendelea kusimama.