Kura ya Kivulini

Syombua alifika mapema kwenye mkutano wa maoni ya wananchi pale Kwa Vonza. Wachoma makaa walikuwa wamekwisha kumwibia miti mitatu ya mikau shambani, na marufuku ya makaa isipokubaliwa leo, hata mmoja hautabaki.

Karani wa kaunti akatangaza kura ya mlolongo, kila upande upange foleni yake ihesabiwe. Muindi, tajiri wa makaa, akaruka juu. "Wanaopinga marufuku, njooni shambani kwangu! Wengine wamfuate huyo mama wa miti!"

Umati ukamfuata Muindi kwa vifijo. Watu mia mbili wakajipanga kati ya visiki vyake. Ng'ambo ya barabara, chini ya mikau ya Syombua, walikuwa kumi na mmoja tu.

Ilikuwa saa saba. Karani akahesabu, akakosea, akaanza upya. Jua likawaka kama lililotumwa. Mmoja akavuka barabara, kisha watano, kisha kundi zima likaja mbio likicheka.

"Rudini, wasaliti!" Muindi akafoka.

Mama yake mzazi akainua mkongojo. "Moyo ni wako, mwanangu, lakini utosi ni wangu." Naye akavuka.

Syombua alicheka hadi leso ikamdondoka.

Muindi alibaki peke yake, jasho likimchuruzika, mpaka akashindwa. "Nimekuja kumwangalia mama tu," akanung'unika alipofika.

"Karibu, baba, nafasi ipo," Syombua akasema akisogea pembeni kumpisha. Kisha akapaza sauti: "Karani! Ongeza mmoja!"