Mkono Kwenye Bampa

"Nimesema siachii!" Felisiani alifoka, akazidi kukibandika kiganja chake kwenye bampa ya mbele, pembeni kabisa mwa antena ya redio. "Mkitaka, nikateni mkono."

"Msumeno upo, baba mdogo," Aneth alimjibu akiwa kwenye usukani.

"Aneth," mama yake alimkanya. Binti akasonya.

Mama huyo, Dafrosa, alikuwa amesimama nyuma ya gari, mkono mmoja kwenye mlango wa bodi, mwingine umeshika rozari ndani ya mfuko wa sweta. Pikapu hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, na tangu siku ya mazishi Felisiani, mdogo wa marehemu, alikuwa akiitaka. Katika ukoo wao, mali ikigombewa, wote wawili wenye madai huishika kwa mkono mbele ya mzee wa ukoo mpaka jambo liishe. Anayeachia kwanza amejitoa mwenyewe, wala hasikilizwi tena.

Mzee Rafaeli, aliyekuwa amekalia tairi bovu hapo gereji ya Majengo, alikuwa ameshatamka asubuhi. Gari la kulala uani halimfai mtu. Likipata kazi leo, linabaki kwa mjane. Lisipopata, Felisiani aondoke nalo.

Na kazi ilikuwepo. Malori ya mpunga yalikuwa yanapakia kijijini Kakese, kisha yakatize hifadhi ya wanyama, ambako simu hazishiki hata kidogo. Maiko, msimamizi wa msafara, alitaka gari dogo la kutangulia na kutoa habari za njia kwa redio. Lakini gari lisilosikika hakulihitaji. Alikuwa amesema: nikiwasikia kabla ya kengele ya kanisa ya adhuhuri, njooni. Nisipowasikia, nachukua gari lingine.

Fundi Leonidas alikuwa ameshamaliza kufunga. Redio ilikaa chini ya dashibodi, na amplifaya, kile kisanduku cha kuipa sauti nguvu, nyuma ya kiti. Chini ya antena alikuwa amekwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Ilibaki kuirekebisha antena yenyewe: anafungua skrubu, anapandisha fimbo kidogo, anashusha kidogo, halafu anamwambia Aneth abonyeze maiki huku yeye anatazama mshale wa kipimo, ambao ukilala ndipo antena iko sawa.

"Mshale umepanda tena," alisema, akijifuta jasho. "Mzee Felisiani, nimekuomba toka asubuhi. Mtu akisimama karibu na antena, inapima uongo. Sogea, tafadhali."

"Mwili wangu umekuwa umeme?"

"Ndivyo redio ilivyo, mzee. Sikuitengeneza mimi."

"Basi washeni hiyo amplifaya yenu mwite Kakese. Mnaogopa nini?"

"Nikiwasha mshale ukiwa juu hivi, nguvu inarudi ndani. Itaungua, na hapa Mpanda sina nyingine."

Felisiani akacheka. "Shemeji, unasikia? Mwanamke wa darasa la saba anataka redio kama askari wa hifadhi! Kaka angefufuka leo angekucheka."

"Angefufuka," Dafrosa alisema bila kupandisha sauti, "angeanza kukuuliza ulikuwa wapi alipokuwa anaumwa."

Vijana wa gereji wakaguna. Felisiani akatema mate chini.

Dafrosa hakumtazama usoni. Alitazama mkono. Kila fundi alipoinama kwenye kipimo na kusema "unashuka, unashuka," shemeji yake alisogeza na bega, karibu aikumbatie fimbo ya antena. Kumbe haikuwa kung'ang'ania dai tu. Alishaelewa kuwa mwili wake ndio unaoharibu kipimo. Dafrosa akasali Salamu Maria moja kimoyomoyo, yote mpaka amina, ndipo akaita.

"Mzee Rafaeli, nina swali. Mimi fundi aliponiambia nirudi nyuma, nilirudi. Nimeshika huku tangu asubuhi. Dai langu limepungua?"

Mzee akafikiri. "Halijapungua. Gari ni moja."

"Basi na shemeji aje ashike hapa. Nafasi ipo. Hakuna atakayesema ameachia."

Felisiani akapiga boneti kwa mkono wa pili. "Mimi ni mwanaume, nashika mbele!"

"Felisiani," mzee alisema, "unashika gari au unashika antena?"

Watu wote wakamgeukia. Akaanza kusogea, kiganja kikiburuzwa juu ya boneti, mlangoni, ubavuni mwa bodi, hakikunyanyuka hata kidogo, mpaka akafika nyuma na kusimama kiwiko kwa kiwiko na shemeji yake.

"Utanitambua," alimnong'oneza.

"Nakutambua siku nyingi."

Mbele kule fundi alikaza skrubu. "Umelala! Mshale umelala kabisa. Washa amplifaya, dada. Ita!"

"Kakese, Kakese, gari la mama Aneth hapa, Majengo. Mnanisikia?"

Redio ikakwaruza. Felisiani akatabasamu. Halafu sauti nzito ya Maiko ikajaa gereji nzima: "Nawasikia kama mpo hapa mlangoni! Njooni haraka, tunafunga maturubai."

Mzee Rafaeli akainuka kwenye tairi, akajikung'uta suruali. "Yameisha. Felisiani, toa mkono."

Felisiani hakutoa. Alikaza mpaka mishipa ikamsimama shingoni. "Huyu si wa damu yetu," alisema. "Gari la kaka yangu halitaendeshwa na wanawake."

"Aneth," Dafrosa aliita, "washa. Nenda polepole."

Gari likaanza kutambaa kuelekea barabarani. Shemeji wawili wakalifuata kwa miguu, kila mmoja mkono kwenye mlango wa bodi, Felisiani akitukana, Dafrosa akitazama mbele. Wauza nguo wa ng'ambo ya barabara wakasimama kuangalia. Mmoja akauliza kwa sauti kama yule bwana anasukuma gari au anavutwa, wenzake wakaangua kicheko. Aneth akatia gia ya pili. Felisiani akakimbia hatua chache, kandambili moja ikamchomoka, mkono ukamponyoka.

Dafrosa aliendelea kushika mpaka Aneth aliposimamisha gari mbele kidogo. Hapo ndipo naye alipoachia, akazunguka, akapanda kiti cha abiria bila kugeuka nyuma.

"Mwambie Maiko tunakuja," alisema.

Kengele ya kanisa ilikuwa bado haijalia.