Habari za Asubuhi, Saa Tisa Alasiri

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kompyuta ya Method ni reli, ile alama tunayobonyeza mwisho tukiangalia salio. Aliiweka mwanzo wa mstari, akaandika "Kupiga pindo", akabonyeza kitu, na ule mstari ukatokea kwenye simu yangu ukiwa mkubwa na mweusi kama kibao cha duka. Reli yenyewe haikuonekana tena.

"Ndiyo hivyo tu," alisema. "Wewe andika kawaida, kama unamtumia mtu meseji. Programu inageuza kuwa kurasa. Wanafunzi wako watazifungua hapa hapa darasani, bila bando."

Method ni mtoto wa dada yake fundi Rozalia, aliyenifundisha kushona hapa Usevya. Fundi alikuwa ameenda Mpanda kumuuguza binti yake, akaniachia darasa la cherehani la akina mama. Katekista Thadei, aliyetuazima chumba cha kigango, aliniambia bila ubaya: "Mariana, wiki hii nisipoona mtu anafundisha, ufunguo naupeleka kwa kwaya. Spika zao zinanyeshewa."

Kushona najua. Kusema mbele za watu ndiyo siwezi. Hata kanisani naitikia kwa midomo tu.

Kwa hiyo niliandika kila kitu. Reli, kichwa cha somo. Mstari mtupu, aya mpya. Niliandika hata "Habari za asubuhi. Kaeni. Anayenyonyesha akae karibu na mlango." Chini ya kila ukurasa programu ilitoa neno "Mwalimu" na nafasi ya kujaza jina. Nilipaacha wazi. Neno lile ni la watu waliomaliza shule.

"Ukitaka kurekebisha, uniambie nizitengeneze upya," alisema Method. "Zenyewe hazibadiliki. Zinakaa ulivyoziacha."

Niliona hiyo ni tabia nzuri. Watu wengi hawana.

Siku ya darasa mvua ilitishia, akina mama wakabaki kuanua mpunga, tukaanza saa tisa alasiri. Wakafungua simu. Kimya. Thadei akachungulia dirishani, akavua kofia, akauliza amefariki nani.

"Tunasoma," alisema Josefina bila kuinua kichwa. "Mwalimu ametusalimia asubuhi."

"Saa hizi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Thadei alinitazama. Mimi nikaitazama bobini ya cherehani. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kidoleni mwake.

Aliyevunja kimya ni Nyanzala, mama wa Kisukuma ambaye ng'ombe wake wanajulikana kuliko yeye. "Simu yangu ni ya tochi," alisema. "Hilo darasa linawaka upande gani?"

Wakacheka. Josefina akampa yake. Nyanzala akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa heshima, akairudisha.

"Maandishi yamekaa vizuri. Yanasemaje?"

"Husomi, mama?"

"Nilikuwa nachunga. Nisomee."

Josefina alisoma kama mtangazaji wa mpira. Nyanzala akapiga pindo kwa nje.

"Wewe unanikimbiza," alisema huku akifumua. "Asome aliyeandika. Huyo anajua pa kupumulia."

Wote wakanigeukia. Thadei hakuondoka. Josefina alikuwa ameninyooshea simu, na mkono wa mtu ukinyooshwa huwezi kuuacha hewani. Nikaipokea.

"Habari za asubuhi," nikasoma.

"Nzuri, mwalimu," wakaitikia wote.

Nikasoma: kunja nusu inchi, kunja tena, piga pasi, pitisha mashine ukingoni. Sauti ilikuwa ndogo, wakasogeza mabenchi. Nyanzala akashona taratibu, pindo likakaa ndani. Kisha uzi wake ukakatika.

"Na uzi ukikatika?" aliuliza.

Nikasogeza ukurasa juu, nikausogeza chini. Sikuwa nimeandika. Ulikuwa umekaa nilivyouacha.

"Hapo mwisho pana nini?"

"Pameandikwa Mwalimu."

"Halafu?"

"Halafu pako wazi."

"Sasa atanijibu nani," alisema Nyanzala, "spika za kwaya?"

Thadei akauhamishia ufunguo mkono wa pili.

"Mimi," nikasema. Hilo halikuwa limeandikwa popote. "Mwalimu ni mimi. Darasa la tano sikulimaliza. Uzi ukikatika, mama, toa mguu kwenye pedeli, upitishe uzi upya kuanzia juu. Usianzie pale ulipokatikia."