Zawadi ya Zimamoto

Jina la Janine Hrabik lilipotajwa kwenye kipaza sauti, ukumbi wa zimamoto ulilipuka kwa makofi, na mwenyewe akatamani ardhi ipasuke immeze. Kushinda ashinde yeye! Yeye aliyenunua tiketi ili tu Dutch Kessler, mkuu wa zimamoto, aondoke mlangoni kwake. Kila mwaka wazimamoto wa kujitolea wa mji ule huchezesha bahati nasibu wapate cha kutengenezea gari lao, na zawadi huwa bunduki. Kununua tiketi ni kama kwenda msibani: usipoonekana, utasemwa.

Tena mwaka huu haikuwa bunduki ya kuwindia paa. Ilikuwa ile nyeusi ya kijeshi, ile ile ambayo wabunge kule Harrisburg, makao makuu ya jimbo, walitaka kuipiga marufuku kwa raia.

"Haya shemeji, njoo uchukue mali yako!" Dutch akaita. "Ifiche vizuri, wasije wakakupokonya!"

Watu wakaangua kicheko. Wendell, mumewe, alikuwa keshasimama, anapongezwa huku na huku. Tangu aumie mgongo mgodini akauza bunduki zake zote, nyumba yao haikuwa na silaha, na jambo hilo lilimkera kila msimu wa kuwinda. Leo, jamani, meno thelathini na mawili yote nje.

Janine akamtupia jicho binti yao. Corinne alikuwa ameinamia sahani yake, hali kitu. Baba mtu aliamini binti karudi kutoka chuo kwa sababu kafeli. Siri ya mtungi aijuaye kata: mama ndiye aliyemkuta bafuni mwezi Machi, vidonge kavimaliza, akamkimbiza hospitali ya mbali Wendell akiwa safarini. Daktari hakuuma maneno: bunduki isiingie kwenye nyumba hiyo, hata kwa siku moja. Naye Corinne akamwapisha mamake. "Baba asijue, mama. Wala mtu mwingine. Mji huu utanitafuna." Janine akaapa. Mzazi gani angekataa saa ile?

Akapanda jukwaani. "Nawaachia zimamoto," akasema. "Chezesheni tena."

"Alaa! Wendell hana hata gobore, nawe unairudisha?" Dutch akashangaa.

"Anatania huyo!" Wendell akapaza sauti kutoka mezani.

Macho yote kwake. Wanangoja sababu, na sababu aliyokuwa nayo ni ile moja tu asiyoweza kuitamka. Basi akashika uongo uliokuwa karibu.

"Sitanii. Bunduki hizi hazifai mikononi mwa raia. Wabunge wana haki."

Uongo mtupu! Mwezi uliopita alitia sahihi yake kuipinga sheria hiyo hiyo.

"Kumbe tunakula na nyoka meza moja," mwanamke mmoja akasema.

"Mwizi akivunja mlango wako utampigia simu mbunge?" mwingine akadakia.

"Mwacheni, naye ana haki ya kusema," akajibu mwalimu Pruitt kutoka jikoni.

"Nyamaza wewe, tunakujua siku nyingi!" wakamzomea.

Wendell alikuwa amewiva masikio kwa aibu. "Basi naichukua mimi," akasema. "Kesho naenda duka la bunduki, wakague kama jina langu halina kosa la jinai, niondoke nayo. Nyumba ile ni yangu pia."

Ukumbi ukamshangilia. Janine akabaki na kipaza sauti mkononi. Kajichafulia jina bure! Akisema, kamsaliti mwanawe mbele ya mji mzima. Akinyamaza, bunduki italala nyumba moja na mtoto. Akafungua kinywa, akamwona Corinne anatikisa kichwa, akakifunga.

Hapo Corinne akainuka. Akamshika baba yake mkono, akamnong'oneza sikioni. Waliokuwa jirani hawakusikia kitu. Waliona tu uso wa Wendell ukibadilika.

"Lini?" akauliza.

"Machi."

Wendell akaishika meza kwa mikono miwili.

"Vipi, tuandike jina lako?" Dutch akauliza.

Kila asubuhi pale kituo cha mafuta, Wendell ndiye aliyeongoza kuwatukana wanaoitaka sheria ile. Akajikongoja hadi jukwaani, akakichukua kipaza sauti kwa mkewe.

"Usiandike. Mke wangu kasema kweli. Na mimi niko upande wa Harrisburg."

"Msaliti!" mtu akapiga kelele nyuma. Kiti kikaanguka. Dutch, rafiki yake tangu utotoni, akampa mgongo.

"Twende nyumbani," Janine akamwambia, machozi yanamlenga.

"Hapana. Tukiondoka sasa watauliza kwa nini."

Wakarudi kukaa. Waliokuwa nao mezani wakabeba sahani zao, mmoja mmoja, wakahamia kwingine, hadi wakabaki watatu peke yao kwenye meza ndefu, ukumbi mzima ukiwatazama. Wendell akakata kipande cha nyama, akakiweka kwenye sahani ya bintiye.

"Kula, mwanangu," akasema.