Hakimu Hajainuka

Miguu yangu haijui kukaa. Nimefunga mabehewa ya treni kwenye meli za Port Bell, nimefagia mahakama Kisumu, nimeuza chumvi Bunia, na kila mahali niliondoka kabla watu hawajalizoea jina langu. Sasa mwaka huu, kisa chumba cha uani nilichopanga kwa Adoch kule Makindye, nikajikuta nimesimama mbele ya hakimu nikisema kwamba mimi ni mtu wa kupatikana.

Adoch ni mjane wa sajini. Binti yake, Amito, alipiga video vibanda vya wachuuzi vikivunjwa Nakivubo, polisi wakasema anachochea watu, akakaa gereza la Luzira wiki tisa. Siku hiyo ndiyo alikuwa anaombewa dhamana. Mjomba aliyeahidi kumdhamini alikuwa amezima simu tangu asubuhi. Adoch akanigeukia mimi.

Hakimu Nabangala, mama mwembamba wa miwani, akasoma barua yangu ya mwenyekiti wa mtaa.

"Mzee Odero, hapo umekaa miezi minane. Kabla ya hapo?"

"Port Bell, Mheshimiwa. Kabla yake Bunia. Kabla yake..."

Watu wakacheka.

"Mdhamini ni mtu aliyetulia. Wewe mwenyewe atakudhamini nani?"

"Mheshimiwa, kukimbia ndiyo kazi yangu tangu ujana. Mtu anayetaka kukimbia namjua kwa macho. Huyu binti hataki. Anataka kwenda kulala kwao."

Akaandika, akaandika. Akatoa dhamana: kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nimlete hapo. Nikatia sahihi.

Adoch hakushangilia. Alikuwa amesimama dirishani. Langoni, karibu na mchoma mahindi, kulikuwa na gari la vioo vyeusi, halina namba. Wanaume wawili wa jezi za mpira walikuwa wanakula mahindi.

"Tazama viatu," akaninong'oneza. "Miaka ishirini nimepiga rangi viatu kama vile kambini. Wanamngoja atoke. Yule aliyepewa dhamana wiki jana walimbeba palepale, karatasi ya dhamana mkononi."

"Si hakimu amesema yuko huru?"

"Amesema! Mzee, karatasi haizuii buti."

Miguu ikaanza kuniwasha. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Karani alikuwa anakusanya majalada, hakimu anasogeza kiti. Lakini kule Kisumu, na ufagio wangu, nilijifunza jambo moja: hakimu akiwa amekaa, humo ndani hakamatwi mtu bila neno lake. Akiinuka, kinabaki chumba chenye mabenchi.

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili, darasa nililoliacha mara tatu.

"Mheshimiwa, nimetia sahihi kitu sijakielewa. Naomba nisomewe."

Karani akafyonya. Hakimu akarudisha kiti, akasoma. Nikauliza, akasoma tena. Jumatatu ikiwa sikukuu? Mimi nikifa?

"Mzee, unanichezea?"

"Hapana, Mheshimiwa. Na akichukuliwa hapo langoni kabla hajafika nyumbani, Jumatatu nitakuletea nani?"

Hakimu akatazama dirishani. Akaishika tena kalamu yake. Kisha akamtuma polisi wa mahakama akawaite wale wanaume.

Akaja mmoja, hindi bado mkononi.

"Jina lako?"

"Nimetumwa, madam."

"Sikuuliza hilo. Haya, umetumwa na nani?"

"Amri ya juu."

"Juu yangu humu ndani kuna feni tu, na yenyewe haizunguki. Taja jina, niliandike kwenye jalada, na saa uliyokuja."

Yule mtu akaiangalia ile kalamu kama anaangalia nyoka. Akasema kitambulisho kiko garini, anakwenda kukileta.

Tukangoja. Hakimu hakuinuka. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Amito kizimbani, hakuthubutu hata kuegemea. Adoch anasali Kiacholi. Mimi nazunguka mabenchi mpaka polisi akachoka: "Mzee, kaa chini bwana, unatupa kizunguzungu!" Karibu saa kumi na moja mchoma mahindi akaingiza kichwa dirishani.

"Wameenda."

Usiku huo Amito alilala kwao.

Hayo yalikuwa mwezi uliopita. Juzi tumesikia Nabangala amehamishwa, mbali huko, na sababu hakuna aliyeitaja. Kesho ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Jioni hii Amito amesimama mlangoni kwangu.

"Mzee, naona mfuko umefungwa."

"Huo hufungwa siku zote."

"Ukienda sitakulaumu."

"Aende!" Adoch akadakia kutoka jikoni. "Nitamfuata na mwiko mpaka Bunia."

Shati nimeshafua, liko kwenye kamba. Huyo hakimu mpya simjui. Nitakaa na Amito benchi la mbele kabisa, nione hakimu huyo akiambiwa habari za amri ya juu atatazama wapi.