Aliyenisikilizia

Kiganja kiligonga bati mara mbili kutoka ndani ya buti, nami nikakanyaga breki. Vumbi la barabara ya Sherikat, jijini Juba, lililokuwa likitufuata, likatupita na kutangulia. Nilishuka nikafungua buti. Cissy, fundi wangu, alikuwa amelala kiubavu, magoti kifuani, tochi mdomoni, sikio limebanwa kwenye bati.

"Jeki," alisema baada ya kuitoa tochi. "Inacheza kwa nyumba yake. Ndiyo ilikuwa naimba."

Alikata kipande cha sponji, akakisokomeza pembeni mwa jeki, akarudi kulala. Tuliendelea. Mbele kidogo alihamia kiti cha nyuma akakamata kifungo cha mkanda kilichokuwa kikigonga plastiki ya nguzo ya mlango. Kisha ikawa zamu ya mlango wa kushoto: alikifungua kifuniko chake cha ndani, akachomoa skrubu iliyoanguka humo tangu enzi za wenye gari waliopita. Kila alipoziba mlio mmoja aliniuliza, "Sasa imekwisha, mzee?"

"Imekwisha kabisa," nilijibu kila mara.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimesikia mlio hata mmoja tangu mwanzo.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota lililofika Juba kupitia Kampala, likiwa limeshapita katika mikono ya watu wawili. Nililinunua nilipoacha kazi hotelini, ambako kwa miaka tisa nilikuwa fundi wa jenereta. Nilibeba abiria wa kukodi, wengi wao Wakenya wenzangu: walimu, wauguzi, watu wa kwenda uwanja wa ndege. Wa kwanza wao alikuwa Mwalimu Moraa wa mtaa wa Atlabara. Asubuhi moja aliinama mbele akaniambia, "Phineas, ndugu yangu, hili gari lako linacheza kayamba. Nikifika shuleni kichwa kinanigonga." Nilicheka, nikadhani ananitania. Wiki iliyofuata alianza kupanda bodaboda. Baada yake wakaondoka wengine wawili, nami nikaamini wamekula njama ya kuniangusha. Ila Moraa alikuwa mtu mwema. Kabla hajaniacha kabisa alinielekeza kwa Mganda mmoja wa Sherikat, fundi wa viti vya magari, ambaye Moraa alidai ana masikio ya paka.

Ndivyo nilivyompata Cissy, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Masaka, mwenye cherehani nzito chini ya turubai na mkasi ulioning'inia shingoni kama rozari.

Jumamosi ile, tulipomaliza mlango, alisema kuna mlio mmoja wa mwisho. Alinituma nikanywe chai kwa jirani. Niliporudi akaniambia niendeshe hadi karibu na daraja la mtoni, yeye akiwa kando yangu. Tulipita mashimo yote ya njia ile. Cissy alitazama mbele.

"Sasa imekwisha, mzee?" aliuliza tuliposimama.

"Kimya kabisa. Kama kanisani."

Aliinama, akaingiza mkono chini ya kiti changu, akavuta kopo la maziwa ya unga alilolificha nilipokwenda kunywa chai. Alilishika mbele ya uso wangu na kulitikisa polepole. Lilikuwa nusu nati, nusu bolti. Niliziona zikiruka. Nilisikia kitu hafifu, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu nyumba ya tatu.

Hakucheka. Kama angecheka, ningemkasirikia na kuondoka, na maisha yangu yangekwenda vile yalivyokuwa yakienda.

"Ssebo, bwana," alisema, uso wake mbele ya wangu, akitamka taratibu, "gari yako hapana mgonjwa sana. Mgonjwa iko hii." Akagusa sikio langu kwa kidole kimoja, kama mama.

Nilimwambia hana adabu. Nilimwambia mimi ni fundi, najua mashine tangu kabla yeye hajazaliwa. Aliniacha nimalize.

"Baba yangu alifanya kazi kwa mashine ya kukoboa kahawa," alisema. "Ilimaliza masikio yake. Sisi tulifikiri iko na kiburi. Tunamwita, hapana jibu. Mama alikasirika, akaenda kwa ndugu yake. Siku lori ilipiga honi nyuma yake, hapana sikia." Alilirudisha kopo chini. "Watu walisema alikuwa mlevi. Baba yangu hapana kunywa hata siku moja."

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye usukani. Nikajikuta nasema jambo ambalo sikuwa nimelisema hata peke yangu: kwamba mke wangu akipiga simu kutoka nyumbani Turbo siku hizi sauti yake hunifikia kama maji yanayochemka, kwamba mimi husema "sawa" na "vizuri" kwa kubahatisha, halafu nasingizia mtandao. Na kwamba amenyamaza wiki ya sita sasa.

"Wiki sita!" Cissy alipandisha vioo vyote, kimoja baada ya kingine. "Hapa ndani sasa iko kimya. Mpigie bibi. Mimi nasikia, nakuambia."

Niliweka simu juu ya dashibodi, sauti ikiwa ya juu. Niliona imepokelewa.

"Mama Valary," nilimwambia mke wangu, "ni mimi. Niko na fundi, anaitwa Cissy. Atanirudia maneno yako, kwa sababu mimi sisikii. Masikio yangu yamekufa, Jepchirchir. Nilikuficha."

Simu ilinong'ona. Cissy aliinamisha kichwa.

"Bibi nasema: tangu lini?"

"Miaka miwili. Labda mitatu."

Ikanong'ona tena, muda mrefu safari hii. Cissy alifumba macho, akayafumbua, akasita.

"Nasema: mwezi wa nane alikuambia mama yake alianguka, akavunjika kiuno, iko hospitali. Na wewe ulisema..." Alinitazama kwa huruma. "Ulisema, 'Vizuri sana, mpe salamu.'"

Nililia. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, kando ya daraja, mbele ya mwanamke niliyemjua kwa siku moja. Cissy hakuniambia ninyamaze. Alisubiri simu, akasikiliza, kisha akasema kwa sauti yake kubwa, akihakikisha naona midomo yake:

"Bibi nasema: 'Kwa hivyo hukutuchoka?'"

"Sijawachoka," nilisema. "Mwambie. Sijawachoka hata siku moja."

"Mzee, sema wewe. Yeye nasikia."

Miaka mitatu imepita. Desemba ile nilipanda basi hadi Eldoret, na Jepchirchir akanishika mkono mpaka kwa daktari, akajibu maswali ambayo sikuyapata. Leo nina vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio. Havirudishi kila kitu, ila najua binti yangu Valary akicheka na najua bodaboda ikinijia upande wa kushoto. Mama mkwe alinipokea na fimbo yake mpya, akanisamehe kabla sijaketi. Mwalimu Moraa amerudi, na mara nyingine husinzia kabla hatujafika shuleni kwake.

Nikisali usiku nawataja wote. Lakini moyo wangu unaposhukuru hasa, hurudi ndani ya gari lile lililofungwa vioo, joto limetubana, jasho likimtiririka Cissy shingoni. Tulikuwa tumemaliza. Nilinyoosha mkono kukata simu, Cissy akauzuia.

"Anataka mimi," alisema.

Aliichukua simu, akaitoa kwenye spika, akaiweka sikioni. Alisikiliza, akasema "Ndiyo, mama," akasikiliza tena, akanitupia jicho la pembeni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana walizungumza hivyo kwa muda mrefu, na bila shaka walikuwa wakinizungumzia mimi.

Sikuomba nirudiwe. Nilishusha kioo cha upande wangu, upepo wa mtoni ukaingia, nikawaacha waendelee.