Saluni Isiyokata Mbwa

Jumanne asubuhi Chapchap alimwogesha mbwa mweupe wa mwalimu kabla ya kumchana, na ubishi wa siku ukaanzia hapo. Manyoya ya mbwa yule yalikuwa yamesokotana nyuma ya masikio na kwapani. Mafundo ya manyoya yakilowa hukaza, na yakikaza huvuta ngozi ikajificha ndani yake. Anayeingiza mkasi hapo hukata fundo pamoja na ngozi. Konokono, msaidizi wake, aliyajua hayo vizuri, kwa kuwa alikuwa amekatwa mara nyingi.

"Wifi, tungemchana kwanza," alisema.

"Tungemchana kwanza, tungemchana kwanza! Kila siku wimbo huohuo. Lete taulo."

Saluni ilikuwa ya Chapchap. Jina hilo alipewa na wateja kwa kumsifu, na la Konokono alilitoa Chapchap mwenyewe kwa kumkejeli, kwa sababu alikuwa mzito wa kuchana. Konokono ni dada wa mume wa Chapchap. Aliletwa na kaka yake asaidie kuosha na kukausha, na tangu siku ya kwanza wanawake hao hawakupikika chungu kimoja. Kila mmoja alimwita mwenzake wifi, na kila mmoja alilitema neno hilo kama kokwa la ndimu.

Chapchap aliingiza mkasi kwenye fundo la kwapani, akakata. Mbwa alibweka kwa uchungu. Ngozi yake ilibaki nzima, laini, bila hata mkwaruzo. Kwenye ndoo za maji Konokono alihisi damu ikimteremka ubavuni. Akajifuta mikono, akaingia chumba cha nyuma, akabandika plasta. Alikuwa na plasta za kila ukubwa.

Ndivyo mambo yalivyokwenda tangu alipoanza kazi. Jeraha lilihamia kwake, na maumivu aligawana na mbwa. Mashine ya kunyolea ikipata moto kwa kutopumzishwa, mbwa alirudi kwao akiwa na tumbo safi, naye Konokono alilala chali kwa sababu ya malengelenge. Ncha za masikio yake zilikuwa zimechanikachanika. Daktari wa mifugo alikuwa akiwaelekeza watu pale, na Chapchap aliandikisha juu ya mlango, kwa herufi kubwa, HATUKATI MBWA. Tuseme ukweli, hakudanganya.

Konokono aliwahi kuacha kazi. Alihamia kwa shangazi yake, ng'ambo ya mji, na mkato wa kwanza ukamkuta huko mezani, akinywa chai. Akarudi. Akiwa karibu angalau angeweza kuigusisha mashine kwenye kifundo cha mkono wake, ajue kama ina moto, kabla wifi yake hajaishika.

Maji yalipomfika shingoni alimwendea kaka yake. Kaka aliyatazama masikio yake yaliyochanika, akatazama mlangoni alikokuwa mkewe akivua viatu.

"Mimi nikiingia kati ya mawifi nitatoka bila shati," alisema. "Paka mafuta hapo, patakauka."

Ndugu wa tumbo moja huyo! Konokono alimchukia jioni ile, na kumchukia mkewe mara mbili zaidi.

Likizo zilipofika wateja walijaa hadi nje, na Chapchap hakuwa na budi kumkabidhi Konokono meza ya pili na mashine. Konokono alichana kwanza. Alinyoosha ngozi kwa vidole, akanyoa taratibu. Halafu draya ya Chapchap ikanguruma ghafla, mbwa wa Konokono akashtuka, na meno ya mashine yakalipitia sikio lake. Sikio la mbwa lilibaki zima. Kwenye meza ya kwanza Chapchap alishika lake, na damu ikapita katikati ya vidole. Mteja mmoja alimpa leso, kisha akauliza kama zamu yake bado.

"Umenikata!"

"Nimemkata mbwa, wifi. Bahati mbaya."

"Umenikata mimi!"

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Konokono.

Kuanzia hapo Chapchap akawa bingwa wa usalama. Alinunua seti ya akiba ya meno ya mashine ili moja ikipata moto nyingine iwe imepoa. Alinunua chanuo la meno mapana. Alisimama mgongoni mwa Konokono na kumsomesha. "Mchane akiwa mkavu, wifi. Kwapani weka mkasi mbali. Jaribu mashine mkononi mwako kwanza. Akitetemeka, mshushe apumzike." Yalikuwa maneno ya Konokono mwenyewe, neno kwa neno, na kuyasikia yakitoka katika kinywa kile kulimchoma roho kuliko mkasi. Mbwa wa meza yake walisinzia wakinyolewa. Kwenye meza ya Chapchap yalitangulia maji, ukafuata mkasi, chapchap, kama zamani.

Siku moja Konokono aliletewa mbwa mzee, jicho moja likiwa na mtoto wa jicho, mafundo tele nyuma ya masikio. Ubavu wa Konokono mwenyewe ulikuwa bado mbichi kwa mkato wa asubuhi. Aliuchukua mkasi, akaupeleka kwenye fundo, akamtazama wifi yake usoni.

Chapchap aliacha kazi. Mkono wake ulikwenda wenyewe sikioni.

"Wifi," alisema, kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuitumia ndani ya saluni ile. "Wifi yangu, tafadhali. Huyo mbwa ana kosa gani?"

Konokono alifikiri. Yule mbwa mzee alikuwa amemlazia kidevu kiganjani.

"Hana," alisema, akauweka mkasi chini na kuchukua chanuo.

Chapchap alishusha pumzi. Akamgeukia mbwa wake, aliyekuwa akichuruzika maji mezani, na kwa kuwa muda ulikuwa umepotea, akaingiza mkasi kwenye fundo bila kutazama. Mbwa alilia. Konokono alibana kiwiko ubavuni ili damu isimdondokee yule mzee, akaendelea kumchana.